Pweza wa Kilindini Hayumo Nalubaale: Maelezo kwa Wavuvi, Wafanyabiashara na Walimu

Kwa wiki kadhaa sasa simu ya ofisi yetu ya ukaguzi wa samaki hapa Entebbe haipumziki. Anapiga mvuvi wa Buvuma, anapiga mwalimu wa Jinja, anapiga mama muuza mukene, yaani dagaa, wa Katwe, na swali ni lile lile: ni kweli pweza wa kilindini ameingia Nalubaale, yaani Ziwa Viktoria? Chanzo ni video fupi inayozunguka kwenye simu za watu. Inaonyesha kitu cheusi chenye minyiri mingi kikining'inia ubavuni mwa mtumbwi, na sauti inawaonya watu wasioge wala wasinunue samaki mpaka serikali itoe tamko. Nyuma ya video hiyo limefuata jambo la pili, ambalo kwangu ni zito zaidi: vichupa vya unga vinavyouzwa mitaani kwa jina la pweza wa kilindi, eti ni dawa ya nguvu za kiume, presha na sukari kwa mpigo mmoja.

Nimepewa jukumu la kutoa maelezo kwa umma. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha inayosikika mialoni, mitumbwi inapotia nanga, wanapokutana Mganda, Mkenya, Mtanzania na Mkongo, na kwa sababu pweza mwenyewe jina lake limetujia na Kiswahili kutoka pwani. Wengi wetu tunasema fulani kajipalia makaa kama pweza bila kuwahi kumwona pweza hata siku moja.

Nianze na kile kitu cha kwenye video, maana nilikwenda mwaloni kukiona kwa macho yangu. Mwenye mtumbwi ni mzee wa makamo ya babu yangu. Nilimkuta ameketi chini ya mwembe, watu wamemzunguka.

"Habari za hapa, mzee. Kile kitu kiko wapi?"

"Nzuri, afisa. Tumekianika pale juu ya mabati kisije kikaoza."

Juu ya mabati palikuwa na fungu la nyuzi kavu, limesinyaa, halina umbo. Niliomba beseni la maji nikalilowesha. Taratibu likajifungua, na kila aliyekuwa pale akaona kilichokuwemo: gugu maji. Mizizi yake ni myeusi yenye kuelekea zambarau, nayo imejaa vinyweleo kama unyoya. Katikati kuna shina fupi nene ambalo kwenye video lilionekana kama kichwa, na kipande cha nyavu kuukuu kilikuwa kimelizunguka. Nilikata vikonyo vya majani kwa kisu. Ndani ni vyeupe, vina vyumba vidogo vidogo vya hewa, ndivyo vinavyolifanya gugu lielee. Pweza hana unywele hata mmoja mwilini, wala hana chumba cha hewa. Mzee alilishika lile shina, akalinusa, akasema, "Basi nimewatisha wajukuu zangu bure." Simlaumu. Aliona kitu asichokijua akaita watu, na ndivyo inavyotakiwa. Ninaowalaumu ni waliorusha video ile mara ya pili na ya tatu bila kuuliza, na wengine kati yao ni watu wenye shahada.

Sasa niseme waziwazi, na ningeomba sentensi hii isomwe mara mbili: hakuna pweza wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi. Hayumo Viktoria, hayumo Albert, hayumo Kyoga, hayumo katika ziwa lolote wala mto wowote duniani. Ukoo mzima wa pweza, ngisi na dome, wenye spishi mia nane hivi, ni wa maji ya chumvi. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na damu ya pweza ina chumvi inayokaribiana na hiyo. Mwili wake haukuumbwa na njia ya kuyazuia maji matamu yasiingie. Mmewahi kuona konokono akinyunyiziwa chumvi anavyonywea? Kwa pweza mambo yanakwenda kinyume. Mtie ziwani, maji yatapenya ndani ya seli zake, zitavimba, naye atakufa upesi. Kwa hiyo hata lile swali ninaloulizwa kila siku, kwamba labda kuna mtu aliyemleta akamtupa, jibu lake ni hilo hilo.

Kuna wanaonibishia kwa hoja ya Ziwa Tanganyika. Wanasema kule kuna yavuyavu, mnyama ambaye ndugu zake karibu wote wako baharini, basi kwa nini pweza asiwepo? Ni kweli yavuyavu wa Tanganyika wapo, na wanasayansi wanawajua tangu karne ya 19. Lakini ukoo wa yavuyavu una matawi yaliyozoea maji baridi tangu zamani sana, na ukoo wa pweza hauna hata tawi moja. Ndugu wa pweza tulio nao ziwani ni wa mbali, konokono. Yumo mdogo wa ufukweni anayebeba vimelea vya kichocho, anayewaumiza watoto wetu wa visiwani na wa kando ya Ziwa Albert mwaka hadi mwaka. Ningefurahi sana kama juhudi iliyotumika kueneza video ya gugu maji ingetumika kuwaeleza wazazi wampeleke mtoto kumeza dawa ya kichocho timu za afya zinapopita.

Ukikutana na kiumbe usichokijua ziwani, utaratibu ni huu, nami naueleza kwa urefu kwa sababu karibu kila taarifa inayotufikia imerukwa hatua. Kwanza usikiue, wala usikikaushe. Piga picha tatu: kikiwa majini au ndani ya beseni la maji, kikiwa ubavuni mwa kitu ambacho ukubwa wake unajulikana, kama kopo la lita moja au kalamu, na picha ya mahali palipovuliwa. Andika tarehe, saa, aina ya nyavu au ndoana, na kina kwa makadirio ya pima. Taarifa hiyo ipeleke kwa kamati ya mwalo wako. Kamati impelekee afisa uvuvi wa wilaya, naye atuletee sisi. Usianze na redio. Usianze na mwanasiasa. Ukianza nao, taarifa inatufikia ikiwa imeongezwa chumvi na kile kitu kimeshaliwa na mbwa.

Nikiisha kusema hayo, nakiri kwamba hofu hii imenipa nafasi niliyoitamani kwa muda mrefu, ya kuzungumza juu ya pweza wa kilindini mwenyewe. Yupo. Ni wa kweli, na habari zake hazihitaji kuongezwa kitu.

Kilindi ni neno ambalo huku tunalitumia ovyo. Ziwa Viktoria, pamoja na upana wake wote, lina mita 80 hivi pale penye kina kirefu kupita pote. Bahari za dunia kwa wastani zina mita 3,700 hivi, na mwanga wa jua huwa umekwisha kabisa kabla ya kufika mita 1,000. Kuanzia hapo ni giza la usiku na mchana, na baridi ya nyuzi chache tu juu ya sifuri. Mwaka 2020 mtafiti Alan Jamieson na mwenzake walichapisha habari za pweza aliyepigwa picha katika Mfereji wa Java kwenye kina cha mita 6,957. Huo mfereji, yaani bonde refu la chini ya bahari, umo katika Bahari ya Hindi, bahari ile ile inayopiga Mombasa na Dar es Salaam. Ungeuchukua mlima Rwenzori ukausimamisha kwenye sakafu ile, kilele cha Margherita chenye mita 5,109 kingebaki na mita zaidi ya 1,800 za maji juu yake.

Wavuvi huniuliza kwa nini hasagiki. Swali zuri, na wao ndio wenye jibu mikononi. Sangara akivutwa haraka kutoka chini, bondo lake, kile kifuko cha hewa tumboni, huvimba mpaka tumbo linatokea mdomoni. Kinachovimba ni hewa iliyo ndani ya bondo. Kule chini, kwenye mita 7,000, kila sentimita ya mraba, yaani eneo dogo kuliko ukucha wa dole gumba, inabeba kilo 700 hivi. Ni magunia saba ya mahindi juu ya ukucha mmoja. Hewa ingekandamizwa na mnyama angesagika, lakini pweza hana bondo wala pafu, hana mahali popote penye hewa. Ni nyama na maji, na maji hayakandamiziki kirahisi.

Huyo wa Mfereji wa Java ni wa jamii ya Grimpoteuthis, wenye mapezi mawili juu ya kichwa yanayopepea kama masikio ya ndovu, nao huogelea kwa kuyapigapiga taratibu. Hana kifuko cha wino. Pweza wa miambani anayevuliwa Pemba au Tanga humwaga wino ili adui asimwone. Gizani wino wa nini? Pweza wengi wa kilindini wameuacha. Yuko mwingine, Stauroteuthis, ambaye vikombe vya kwenye minyiri yake, vile ambavyo pweza wengine hushikia mawe na kaa, vimegeuka kuwa vya kuwaka. Vinatoa nuru ya samawati iliyochanganyika na kijani. Jambo hilo lilitangazwa na watafiti mwaka 1999.

Na kwa kuwa wapo wahubiri wanaomwonyesha waumini kiumbe mwekundu mweusi mwenye utando kati ya minyiri kama joho, wakimwita shetani wa baharini, niseme neno hapa pia. Kiumbe huyo ni Vampyroteuthis infernalis. Si pweza wala si ngisi, yumo katika kundi lake peke yake, na urefu wake ni kama rula ya shule. Aliyempa jina hilo la kutisha, lenye maana ya jehanamu, ni Mjerumani Carl Chun mwaka 1903, kwa kuangalia rangi na umbo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2012, watafiti walieleza anachokula: chembechembe za wanyama waliokufa na uchafu unaoshuka kutoka juu kama vumbi. Hamwindi mtu. Hana hata nguvu ya kumwinda samaki. Nawaheshimu watumishi wa Mungu, ila nawasihi wasimpakazie mnyama huyu.

Ninayetaka hasa kumsimulia ni mama mmoja. Hana jina, ila spishi yake ni Graneledone boreopacifica. Mwezi wa Aprili 2007 watafiti wa taasisi ya bahari ya Monterey, huko California, Marekani, walishusha roboti kwenye bonde la chini ya bahari, karibu mita 1,400 chini. Wakamwona pweza mmoja akitambaa kuelekea kwenye jabali. Walimtambua kwa makovu yake. Waliporudi mwezi wa Mei alikuwa ameng'ang'ania ubavu wa jabali lile, na chini ya mwili wake pana mayai. Wakarudi tena. Na tena. Kwa jumla walimtembelea mara 18. Kila mara alikuwa mahali pale pale, kwenye maji ya nyuzi 3 hivi, minyiri imeyakumbatia mayai. Kaa na kamba walipita jirani, chakula chake cha siku zote, naye hakuwagusa isipokuwa kuwasukuma wasisogelee mayai. Roboti ilimpa vipande vya kaa, akavikataa. Hakuna ziara hata moja ambayo watafiti walimwona akila.

Mwili wake ulionyesha gharama yake. Rangi ya zambarau iliyokuwa imekolea ilififia ikawa nyeupe. Ngozi ililegea ikaning'inia. Macho yaliingia ukungu. Mayai nayo yalikuwa yakinenepa, mpaka vichanga vikaonekana ndani. Mara ya mwisho walimwona Septemba 2011. Oktoba waliporudi hakuwepo, na juu ya jabali yalibaki maganda matupu yakipepea. Miezi 53. Miaka minne na miezi mitano juu ya mayai, muda mrefu kuliko mnyama mwingine yeyote aliyewahi kurekodiwa. Bruce Robison na wenzake waliandika habari hiyo mwaka 2014, na mimi kila ninapoisoma nakaa kimya kidogo kabla ya kuendelea na kazi.

Sababu ya muda huo ni baridi. Kiinitete hukua kwa kasi ya joto linalokizunguka, kama wafugaji wa kuku wanavyojua. Ndiyo maana ugunduzi uliofuata ulikuwa mtamu. Mwaka 2018, kilomita 130 hivi kusini magharibi mwa Monterey, chini ya mlima wa baharini uitwao Davidson, kwenye mita 3,200, chombo cha utafiti kilikuta mamia ya pweza wamekaa kichwa chini, minyiri imepinduliwa kufunika miili, wanang'aa gizani kama lulu zilizomwagika. Baadaye walihesabiwa karibu 6,000 katika sehemu iliyopigwa picha, na inakadiriwa huenda wakafika 20,000. Ni akina mama watupu wenye mayai, pamoja na madume yanayopita. Mahali pale maji ya vuguvugu yanachuruzika kutoka kwenye nyufa za miamba. Maji ya jirani yana nyuzi 1.6, ya kwenye nyufa yanafika karibu 11. Kwenye baridi ile mayai yangehitaji miaka mitano, minane au zaidi. Kwenye vuguvugu yanaanguliwa kabla ya miaka miwili. Mama hutafuta ufa wenye joto kama kuku anavyotafuta kona ya jikoni, na mayai yakianguliwa yeye hufa pale pale, na mwili wake unaliwa na majirani. Costa Rica nako, kwenye kina kinachokaribia mita 3,000, pako mahali pa namna hiyo, na mwaka 2023 watafiti waliona vichanga vikitoka.

Sasa nije kwenye swali la pili la yule mwalimu wa Jinja, kwa sababu aliuliza kwa ukali kidogo: "Sisi hatuna bahari. Ya nini kuwafundisha watoto habari za wanyama wa watu wengine?"

Mwalimu wangu, si wanyama wa watu wengine. Hapa ndipo watu wengi, na hata wenzangu ofisini, hukosea. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari mwaka 1990. Mkataba huo unasema katika kifungu cha 136 kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi yoyote, pamoja na madini yake, ni urithi wa pamoja wa wanadamu. Kifungu cha 140 kinaongeza kuwa shughuli za huko ziwe kwa faida ya wanadamu wote, nchi iwe na pwani au haina. Kwa kuuridhia, Uganda ni mwanachama wa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari yenye makao Kingston, Jamaika. Ina kiti na ina kura kwenye baraza lake kuu, sawasawa na nchi yenye pwani ya maelfu ya kilomita.

Na kura hiyo inamhusu pweza moja kwa moja. Februari 2016, karibu na Hawaii, kwenye mita 4,290, roboti ya Marekani ilikutana na pweza mweupe kama mzuka, hana mapezi, ambaye sayansi haikuwahi kumwona. Mwishoni mwa mwaka huo mtafiti Autun Purser na wenzake walieleza kwamba pweza wa namna hiyo, kwenye Bonde la Peru katika Bahari ya Pasifiki, hutaga mayai juu ya vijiti vya sifongo waliokufa. Sifongo hao huota juu ya vinundu vya manganizi, kwa sababu kule sakafu ni tope tupu na kinundu ndicho kitu kigumu cha kushikia. Vinundu vyenyewe vina ukubwa wa kiazi, na hukua milimita chache tu kwa miaka milioni. Ndani yake mna manganizi, nikeli, shaba na kobalti, madini ya betri. Wanaotaka kuvichimba hawachimbi shimo, wanavizoa na tope lake. Kikizolewa kinundu, hakuna sifongo. Bila sifongo, hakuna kijiti. Bila kijiti mama yule hana pa kuweka mayai.

Watu wa Kasese hawahitaji kuelezwa kobalti ni nini. Kulikuwa na kiwanda kilichosindika mabaki ya mgodi wa Kilembe kupata madini hayo hayo, na wanayajua vizuri mabaki ya mgodi yalivyoharibu ardhi ya bonde la Nyamwamba. Kule kilindini jeraha halifunikwi na majani. Mwaka 1989 watafiti walilima sehemu ya sakafu ya Bonde la Peru kwa makusudi ya majaribio. Waliporudi mwaka 2015 alama za plau zilikuwa bado zinaonekana.

Utaratibu wa Mamlaka uko hivi. Kampuni haiwezi kuomba peke yake, sharti idhaminiwe na nchi mwanachama, na nchi hiyo inabeba wajibu wa kuisimamia. Ada ya ombi la utafutaji wa vinundu ni dola 500,000. Mkataba wa utafutaji ni wa miaka 15, na unaweza kuongezwa miaka mitano mitano. Utafutaji si uchimbaji: hadi naandika makala haya, Mamlaka haijatoa kibali cha kuchimba kwa biashara, kwa kuwa kanuni za uchimbaji bado zinajadiliwa. Msimamo wa nchi yetu kwenye majadiliano hayo hutolewa na wenye dhamana hiyo, si na mkaguzi wa samaki, na makala haya yasichukuliwe kuwa msimamo wa serikali. Ninachosema mimi ni kwamba mtoto wa Jinja anayemjua mama yule wa miezi 53 siku moja anaweza kuwa ndiye anayeketi kwenye kile kiti.

Nimalizie na vichupa vya unga, maana hapa ndipo ofisi yetu ina meno.

Pweza anayefika Kampala kutoka pwani ya Afrika Mashariki ni pweza wa miambani, yule ambaye akina mama wa pwani humtafuta kwa miguu maji yakikupwa. Ni chakula halali na kizuri. Pweza wa kilindini hafiki hapa, na wengi wa jamii ile yenye mapezi nyama yao ni laini kama ute, haikaushiki ikawa unga wa maana. Anayekuuzia unga wa pweza wa kilindi anakudanganya jina la bidhaa, na akikuambia uache dawa zako za presha au sukari ukanywe unga huo, anahatarisha maisha yako. Nilifungua chupa moja iliyoletwa na mama mmoja aliyenunulia mumewe. Nilitia kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Ulielea kwanza, ukatua, ukaacha mafuta juu na magamba madogo yanayong'aa chini. Pweza hana magamba. Ulikuwa unga wa dagaa.

Anayetaka kuingiza pweza kihalali hana sababu ya kuogopa. Unahitaji kibali cha kuingiza samaki na mazao yake, kilichoombwa kabla mzigo haujaondoka, siyo lori likiwa limeshafika mpakani Busia au Malaba. Narudia: kabla. Unahitaji cheti cha afya kutoka mamlaka husika ya nchi mzigo unakotoka, cha asili, siyo nakala. Lebo iseme jina la kawaida na jina la kisayansi, tarehe ya kugandishwa na uzito. Mzigo wa barafu uwe na nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi ya hapo, na kumbukumbu za joto za njiani ziwepo; dereva anayezima mashine ya baridi ili kuokoa mafuta anakuharibia mzigo wote. Mkaguzi atafungua masanduku anayoyachagua yeye. Usimchagulie. Mzigo usio na karatasi huzuiliwa, ulioharibika huteketezwa kwa gharama ya mwenyewe mbele ya mashahidi, na kesi ikifika mahakamani Sheria ya Uvuvi na Ufugaji wa Samaki inaruhusu faini, au kifungo, au vyote pamoja. Kusema "sikujua" hakukusaidii. Kusema "niliambiwa na wakala" pia hakukusaidii, kwa sababu kibali kina jina lako. Wapo waliokuja wenyewe kulalamika kwamba unga wao umekamatwa, wakiwa hawana karatasi hata moja. Hao ndio waliojipalia makaa.

Aliyenunua kichupa akilete na risiti kama anayo, akieleza alinunua wapi na kwa bei gani. Mnunuzi hashtakiwi. Na video zenu zileteni pia kwa afisa uvuvi wa wilaya kupitia kamati ya mwalo, saa za kazi, kitu chenyewe kikiwa bado ndani ya beseni la maji na hakijaanikwa juu ya mabati.